Mwendo wa Saa Mbili Tu

Nyanjige alizaliwa mwaka wa nzige, na jina lake likatokana na hao. Mama yake alizoea kusema kwamba mtoto aliyekuja pamoja na nzige hapati usingizi mzito. Sikio lake moja hubaki nje, likisikiliza kinachokuja kula shamba. Ndivyo alivyokua. Gari likipunguza mwendo barabarani, alijua kabla ya kuliona kama limebeba pamba au watu. Kama ni watu, aliwatazama wanavyoshuka tu akajua nani ana njaa, nani anaumwa na nani ametoka kugombana na mwenzake njiani.

Shule aliishia darasa la nne, kwa mapadri. Kusoma alisoma, polepole, kidole kikifuata mstari. Aliolewa na Maganga, mlinzi wa maghala ya pamba, akazaa watoto watano, akazika wawili, kisha Maganga mwenyewe akafa kwa homa ya tumbo mwaka mmoja kabla ya Azimio la Arusha. Wakulima walikuwa wamejenga nyumba ya wageni pale Bariadi, vyumba vinane vya bati na ukumbi wa kulia chakula. Wakamhurumia mjane wa mlinzi wao, wakampa kazi ya kuitunza, pamoja na chumba cha uani cha kuishi na wanawe. Miaka tisa alipokea watu pale: mabwana shamba, madereva, wakaguzi, masista, wachuuzi wa nguo kutoka Mwanza. Hakuna aliyeondoka akisema alipokewa vibaya.

Kupokea watu alifundishwa na bibi yake, na bibi yake alifundishwa na nchi. Katika nchi ile mgeni hatishwi. Humwambii kwamba maji yamepungua, utakuwa umemnyima. Humwambii kwamba aendako ni mbali, utakuwa umemvunja miguu kabla hajainuka, au umemwonyesha kwamba humtaki aende salama. Akikuuliza, unamwonyesha kwa midomo na kumwambia, "Si mbali, ni hapo tu." Naye, kama ni mtu wa nchi hiyo, anakushukuru, anasema wabeja, halafu anajaza kibuyu chake maji ya kutosha siku nzima. Wote wawili wanajua. Mwenye nyumba ametimiza adabu yake, msafiri ametimiza akili yake, na hakuna aliyedanganywa.

Mwaka 1975, mvua za vuli zikiwa bado kuanza, ilifika barua iliyozusha kelele mji mzima. Jumuiya moja ya kimataifa ya wafanyabiashara wa pamba ingefanya mkutano wake Mwanza mwezi wa Novemba. Wajumbe wangetoka Misri, Sudani, Uhindi, Ulaya na kwingineko, na siku moja ya mkutano walitaka kwenda kuiona pamba inakotoka: kiwanda cha kuchambulia, shamba la kijiji cha ujamaa, na wakulima wenyewe. Walikuwa hawajaamua waende wilaya gani. Kila wilaya iliyotaka kuwapokea iliombwa kujaza fomu ya maelezo ya mji mwenyeji, ili wajumbe wachapiwe karatasi ya kuwaongoza: hali ya hewa, nguo za kuvaa, chakula, maji, malazi, hali ya barabara, na muda wa safari.

Bariadi siku zile ilikuwa wilaya changa, na wilaya changa ni kama bibi harusi, inapenda kutazamwa. Ikaundwa kamati ya mapokezi, mwenyekiti wake Mzee Mahona, mkulima mkubwa wa Dutwa, na karani wake Salimu Mtoro. Salimu alikuwa mzaliwa wa Ujiji, kijana wa miaka thelathini hivi, mwenye mwandiko kama wa mashine na shati lisilokunjamana hata saa tisa mchana. Alikuwa na miaka miwili tu Bariadi. Alifika kwa treni hadi Shinyanga na kwa lori kupitia Maswa, wala barabara ya kwenda ziwani alikuwa hajaiona hata siku moja. Alipopewa fomu ile alifanya jambo la busara: alikwenda kumwuliza mtu aliyeishi na wasafiri miaka tisa.

Walikaa jikoni, Nyanjige akipepeta mtama. Salimu alisoma swali, akalieleza, akaandika jibu. Maji? Yapo, tena mazuri. Kweli yalikuwepo, yakichotwa kisimani na punda wawili, mmoja mgonjwa. Mbu? Si wengi. Chakula? Hapo Nyanjige alizungumza kwa raha, kuku, wali, sato wa kukaangwa, karanga, na Salimu aliandika mpaka nafasi ikaisha. Barabara? Inapitika. Na kweli ilikuwa ikipitika, miezi saba ya mwaka, kwa dereva anayeijua.

Likafika swali la muda wa safari kutoka Mwanza.

"Si mbali," alisema Nyanjige. "Wakitoka asubuhi wanafika."

"Mama Januarius, wazungu hawataki asubuhi, wanataka namba."

Aliacha kupepeta. Alijua barabara ile kama anavyojua mgongo wa mkono wake, kwa sababu mwanawe wa kwanza, Januarius, aliipita kila wiki akiendesha gari. Kutoka Mwanza hadi Magu, Magu hadi Kiloleli na Lamadi kando ya ziwa, halafu kukata kulia na kulipa ziwa mgongo kuja Dutwa, kupita mbuga ya udongo mweusi na korongo lisilo na daraja, ndipo Bariadi. Jua likiwaka, saa sita. Mvua ikinyesha, Mungu ndiye ajuaye. Lakini aliyeuliza hakuwa Januarius. Alikuwa mgeni, au mtu anayewaulizia wageni, na mdomo wa Nyanjige ukafanya ulichozoea kufanya.

"Kama mwendo wa saa mbili hivi. Tatu, wakisimama kunywa chai."

Salimu aliandika mbili. Alifunga kalamu, akamtania kwamba yeye sasa ni afisa habari wa wilaya na atachapwa hadi Ulaya. Nyanjige alicheka, akamwambia watu wa Ujiji wanajua maneno tu, hata mtama hawajui kupepeta, wangekula makapi na kusifu mpishi. Jioni ile alimsimulia Januarius habari yote kwa majivuno, kwamba maneno ya mama yake yatasomwa na watu wa Misri. Januarius alisikiliza akifunga kamba za viatu. Alipofika kwenye saa mbili aliinua kichwa, akamtazama, akainama tena.

Fomu ilisomwa mbele ya kamati nzima. Walikuwemo watu tisa, wanane kati yao wamezaliwa kati ya Dutwa na Bariadi, na hakuna hata mmoja aliyeguswa na zile saa mbili. Isipokuwa Salimu, wote walikuwa wenyeji, na masikioni mwa mwenyeji jibu lile lilikuwa sahihi: lilikuwa na ukarimu. Mzee Mahona alisema limeandikwa vizuri. Fomu ikapelekwa Mwanza, na wiki tatu baadaye habari ikarudi kwamba Bariadi imechaguliwa, kwa kuwa katika wilaya zote zilizoomba ndiyo iliyo karibu zaidi na Mwanza. Watu walishangilia. Nakala moja ya karatasi iliyochapwa, upande mmoja Kiingereza na mwingine Kiswahili, ilitundikwa kwa misumari minne kwenye ukuta wa ukumbi wa kulia. Januarius akateuliwa kuendesha basi la wageni, kwa kuwa hakuwa mlevi na hakuwa amegonga hata mbuzi.

Tangu siku ile ukosefu wa usingizi wa Nyanjige ulipata kazi. Alifua mashuka mara mbili. Alipaka chokaa. Lakini kila alipopita ukumbini jicho lake lilikwenda kwenye karatasi, kwenye ile namba mbili, iliyokuwa sawa pande zote mbili, ya Kiingereza na ya Kiswahili. Mdomoni ilikuwa imetoka ikiwa laini, na sasa ilikuwa imekaa pale ukutani imekauka kama kwato. Alijiambia kwamba wageni watajua, watajaza vibuyu vyao. Halafu akajiuliza mtu wa Misri amefundishwa na nani kujaza kibuyu akiambiwa ni hapo tu.

Siku yenyewe basi lilitarajiwa saa sita mchana. Ngoma zilikuwa tayari, watoto wa shule wamepangwa juani na majani mikononi. Saa saba, saa nane. Wingu likakaa upande wa ziwa, jeusi, zito, likaanza kusogea. Saa tisa mvua ya kwanza ya msimu ikamwagika. Watoto wakakimbia, wacheza ngoma wakaingia kiwandani, na kuku kumi na wawili wa Nyanjige wakapoa kwenye masufuria. Alisimama barazani akisikiliza barabara, na barabara haikusema kitu.

Taarifa ililetwa na mtu wa baiskeli aliyekuwa ameibeba baiskeli yake begani. Wageni walikuwa wameondoka Mwanza saa nne asubuhi, baada ya hotuba na chai, bila haraka, bila chakula njiani, kwa kuwa karatasi yao iliwaambia wangefika kwa chakula cha mchana. Mvua iliwakuta mbugani. Kiongozi wa msafara aliamuru waendelee, kwa kuwa karatasi ilisema barabara inapitika. Basi lilizama ndani ya korongo kabla ya Dutwa hadi kwenye ngazi ya mlango. Watu wa kijiji waliwatoa mmoja mmoja, wakawabeba, wakawalaza shuleni. Na mzee mmoja, mjumbe kutoka Misri, aliteleza akishuka, akavunjika mkono.

Walifika Bariadi kesho yake kwa trekta na tela la pamba, wamekaa juu ya magunia, suti zao zikiwa na matope hadi magotini. Hapakuwa na ngoma. Walitazama kiwanda kwa nusu saa, wakala, wakaondoka kwa magari mengine kupitia Maswa. Mzee wa Misri tu ndiye aliyebaki siku mbili katika chumba namba tatu, mkono umefungwa kwa vibao na mganga wa zahanati, akisubiri gari lenye kiti cha kulalia.

Nyanjige alimhudumia mwenyewe. Alimpelekea uji, alimsafishia viatu. Mzee hakujua Kiswahili wala yeye hakujua lugha yoyote ya mzee, lakini walielewana kwa uji na kwa maji. Siku ya pili mzee alitoa karatasi mfukoni kwa mkono mzima, akaikunjua juu ya blanketi. Ilikuwa ile ile ya ukutani, imelowa na kukauka. Aliweka kidole kwenye ile mbili, iliyopigiwa mstari wa penseli. Hakuonyesha hasira. Alimtazama kama mtu anayeuliza njia tu, akingoja ajibiwe. Nyanjige aliinama, akaokota bakuli, akatoka. Mlangoni alisimama, maana alihisi mzee yule amemwona hadi ndani.

Lakini hilo halikuwa baya kuliko yote. Januarius alikuwa amesimamishwa kazi. Afisa kutoka mkoani angekuja Jumatatu kufanya uchunguzi, na mjini watu walikuwa wameanza kutamka neno hujuma, neno ambalo siku zile lilitosha kumtoa mtu kazini, na mara nyingine kumtoa nyumbani. Nyanjige alimkalisha mwanawe jikoni, akamwuliza kwa nini hakuwaambia wale watu huko huko Mwanza kwamba ni safari ya siku nzima.

Januarius alisema alimwambia kiongozi wa msafara, mara moja. Yule akatoa karatasi, akamwonyesha, akamwuliza mbele ya wageni kama yeye dereva anaijua nchi kuliko wenyeji walioandika.

"Ukanyamaza?"

"Mayu, yalikuwa maneno yako. Ningesimama mbele ya watu wa mataifa niseme mama yangu mwongo?"

Alitoka kwenda kukata kuni, ingawa kuni zilikuwepo.

Jumapili baada ya misa Salimu alikuja, shati lake kwa mara ya kwanza limekunjamana. Aliongea kwa sauti ya chini, upande wa jikoni. Alisema amefikiri sana. Fomu ya mkono ilikuwa ndani ya mtoto wa meza yake, na hakuna aliyeiulizia. Januarius angepewa onyo, labda akatwe mshahara wa mwezi, basi, yataisha. Lakini wakianza kueleza nani alisema nini, watakuwa watatu badala ya mmoja: karani atafukuzwa, na yeye Mama Januarius atatolewa kwenye nyumba hii, na Sayi, binti yake aliyekuwa darasa la saba, atasomea wapi?

"Tukinyamaza, ataumia kidogo," alisema. "Tukisema, tutaumia wote."

Nyanjige alimpa chai. Usiku na asubuhi alipima: upande huu nyumba, kazi na masomo ya Sayi, upande ule onyo moja kwa kijana mwenye afya. Kwa mizani hiyo Salimu alikuwa na haki. Alipokwenda kuandaa ukumbi Jumatatu alikuwa ameshakata shauri kunyamaza.

Uchunguzi ulifanyika ukumbini kwake, chini ya karatasi yenyewe, kwa kuwa hapakuwa na chumba kingine chenye meza ndefu. Yeye ndiye aliyepitisha chai. Afisa wa mkoa alikuwa kijana, mpole wa sauti, mwenye tabia ya kupanga karatasi zake zikae sawa kabla ya kila swali. Kiongozi wa msafara alisema dereva alikuwa mzembe. Wajumbe wa kamati walisema wilaya ilitimiza wajibu wake. Mzee Mahona alisema mvua ni kazi ya Mungu. Salimu aliandika kumbukumbu, macho kwenye kalamu.

Kisha Januarius aliitwa. Aliulizwa kama aliijua barabara. Akasema anaijua. Aliulizwa inachukua muda gani. Akasema saa sita. Afisa akapanga karatasi zake.

"Kwa hiyo, ndugu, ulijua kwamba wageni wa taifa wanakwenda kukwama, na ukawapeleka."

Nyanjige alikuwa nyuma ya Januarius na birika, akaiona shingo ya mwanawe, mshipa ukicheza chini ya sikio kama alivyokuwa akiona alipomnyonyesha. Afisa alimwuliza tena kwa upole ule ule kwa nini hakusema. Alimweleza kwamba asipokuwa na sababu, yeye hataweza kuandika uzembe. Ataandika kwamba alikusudia, leseni itachukuliwa, na jalada litapelekwa polisi Shinyanga. Alimpa nafasi ya mwisho. Januarius alitazama mbele, kwenye ukuta, kwenye karatasi, akafunga mdomo.

Hapo ndipo Nyanjige alipoielewa ile mizani ya Salimu. Hakukuwa na kuumia kidogo. Mtoto angekwenda jela amebeba adabu ya mama yake, na asingeitua hata njiani.

Aliweka birika mezani, juu ya kumbukumbu za Salimu, wino ukalowa. Alizunguka meza, akaing'oa karatasi ukutani. Msumari mmoja ukabaki na pembe yake.

"Ndugu afisa, sababu yake ni mimi," alisema.

Watu waligeuka. Afisa alimwomba mama akae, akasema mambo ya chai yangoje. Lakini hakukaa. Aliweka kidole kwenye mstari, akasoma kwa sauti, polepole, kama darasa la nne. Maji ni mengi na mazuri. Akasema: si mengi, yanaletwa na punda, na mwezi wa kumi kisima hukauka. Mbu si wengi. Akasema: ni wengi. Barabara inapitika. Akasema: mbugani haipitiki mvua ikinyesha, kila mtu aliyeko hapa anajua. Alipofika kwenye muda wa safari, aliiweka karatasi mezani mbele ya afisa.

"Saa mbili. Hii niliisema mimi, jikoni kwangu, nikijua ni sita. Mwanangu alijua nimesema mimi. Ndiyo maana alinyamaza."

Afisa alimwuliza, kwa mshangao wa kweli, kwa nini mtu aseme jambo kama hilo. Nyanjige alitafuta jibu. Kwa mtu aliyekulia mjini jibu lilikuwa gumu kupatikana. Alisema mwishowe kwamba mgeni akikuuliza, huwezi kumwambia ni mbali. Afisa alisubiri aendelee, lakini sentensi ilikuwa imekwisha.

Mmoja wa wajumbe wa kamati alicheka puani, akasema mama wa jikoni sasa anaendesha wilaya. Nyanjige alimgeukia. Kwa heshima yote alimkumbusha kwamba yeye mjumbe alikunywa chai hapa hapa fomu iliposomwa, na kwamba ng'ombe wake wako Dutwa, na kila akienda kuwaona hulala huko kwa sababu ya korongo lile. Mjumbe alitazama kikombe chake.

Mzee Mahona alikohoa. Alikuwa mtu wa miaka sabini, asiyependa kuaibika, na ilionekana wazi kwamba alikuwa akipambana na nafsi yake.

"Tuliisoma wote," alisema. "Hata mimi mgeni angeniuliza, ningejibu hivyo hivyo. Labda ningesema saa moja."

Salimu akaondoka bila kuaga. Alirudi na fomu ya mkono, akaiweka mbele ya afisa, akakaa, akaanza kukausha wino kwa leso yake.

Uamuzi ulikuja baada ya wiki mbili. Neno hujuma halikuwemo. Januarius aliachiwa leseni lakini asiendeshe abiria tena. Alipangiwa lori la maji katika vijiji vipya vya upande wa Ushetu, Kahama, mwisho kabisa wa mkoa. Salimu alipewa onyo la maandishi, akahamishwa. Alipokuja kuaga alisimama mlangoni bila kuingia, akamwambia Nyanjige kwamba hamlaumu, kwa sauti ya mtu anayelaumu. Nyumba ya wageni ililetewa meneja mwenye cheti. Nyanjige aliachwa afue mashuka na kulala chumba kile kile cha uani hadi Sayi amalize mtihani, halafu ingetazamwa. Kupokea wageni alikatazwa. Wasafiri walioshuka kwenye magari walimsalimu, mwadila mayu, naye aliitikia na kuwaonyesha kwa mkono ofisi ya meneja.

Mjini baadhi walimsifu na wengi walimwogopa. Wanawake kisimani walinyamaza kidogo alipofika. Hawakuwa na chuki. Walikuwa tu hawajui sasa ataanza kusema nini kingine.

Siku ya safari ya Januarius, lori la mbegu lililokuwa likielekea Shinyanga lilisimama mbele ya ghala kuchukua watu. Juu ya magunia alikuwa amekwisha kukaa bibi mmoja mwenye kanga mbili, pamoja na abiria wengine wanne. Januarius alitupa begi lake juu, akarudi kumuaga mama yake. Alikuwa amekonda, lakini uso wake ulikuwa na ule utani wake wa zamani, na Nyanjige aliuona unakuja.

"Mayu, kwani Kahama ni mbali?"

Jibu alilofundishwa na bibi yake lilimpanda hadi kwenye ulimi, tamu, limekamilika. Kijana alikuwa akilingoja. Alilitaka hasa, kama mtoto anavyotaka kuguswa kichwani kabla ya kwenda. Nyanjige alilishika kwa meno.

"Ni mbali," alisema. "Siku mbili, kama mvua haikunyesha. Ikinyesha, sijui."

Kisha akamkabidhi mfuko: michembe ya viazi vitamu, karanga za kukaanga, mayai ya kuchemsha, na kibuyu kikubwa cha maji, cha siku tatu. Januarius alicheka, lakini macho hayakucheka. Aliupokea mfuko kwa mikono miwili, akapanda.

Kule juu bibi wa kanga mbili alikuwa amesikia yote. Alisonya. Aliwaambia wenzake, bila kushusha sauti, kwamba hajawahi kuona mama anayemfukuza mwanawe namna ile, tena barabarani, mbele ya watu. Nyanjige alisikia kila neno, akasimama palepale.

Dereva aliwasha injini. Bibi alitazama wingu upande wa Maswa, akaitazama mbuga, akautazama mfuko wa Januarius. Halafu aligonga bati la kibanda cha dereva kwa fimbo yake, akamwomba asubiri kidogo, akamwita mtu wake aliyemsindikiza arudi nyumbani mbio amletee kibuyu cha maji.